Tulivyokwenda Bombo Kumwomba Hawa

Kwenye gari tulikuwa watatu. Mimi Mastura wa hapa Makina, Nairobi, ambaye wengi wenu mnaniita Haboba, yaani nyanya kwa Kinubi chetu. Mzee Karanja wa Kawangware, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha, baba yake Nyambura aliyeolewa na mwanangu Abdalla. Yeye ni mkwe wangu, na pickup ilikuwa yake. Wa tatu ni jirani yangu Khadija binti Feruzi, ambaye hakualikwa. Alisema mjane hawezi kusafiri na mwanamume asiye nduguye, watu watasema. Nikamwambia, "Khadija, watu ni wewe." Akapanda hata hivyo, na mto wake mkononi.

Tuliowaacha Nairobi ni Abdalla na Nyambura, mtoto wao Jamal, na mdogo wake Swabra aliyekuwa hospitali. Tuliowaendea ni binti yangu Hawa, aliyeolewa Bombo kule Uganda, mumewe Swaleh, na msichana wao Mastura, mwenye jina langu.

Mmeniuliza kwenye bomba la maji, mmeniuliza matangani, na mmoja wenu ameniuliza nikiwa nasali. Basi nimeandika yote, msome wenyewe, mniache nipumzike.

Makina

Swabra ni mtoto wa maneno mengi. Alipoanza kunyamaza ndipo tulijua ni mgonjwa. Fizi zikatoa damu, ngozi ikaweka mabaka ya bluu na hakuna aliyempiga. Hospitali wakasema uboho wake, yale mafuta ya ndani ya mfupa tunayofyonza kwenye supu, umeacha kutengeneza damu. Anaongezewa damu ya watu, inaisha, anaongezewa tena. Dawa yenyewe ni kuwekewa uboho wa mtu mwingine, na huyo mtu lazima alingane naye.

Daktari wake ni msichana mdogo, Daktari Anyango. Alinivutia kiti, akaniita Shosho kama vijana wa Nairobi wanavyoita nyanya, akanieleza.

"Shosho, kila mwili una askari wake. Hao askari wanajua watu wao kwa alama ndogo sana. Nikimwekea Swabra uboho wenye alama zingine, vita inaanza. Ama askari wake wampige mgeni, ama mgeni apige mwili mzima."

Sisi Wanubi wa Makina ni vitukuu wa askari walioletwa na Mwingereza kutoka Sudan. Hapo hakuhitaji kurudia.

"Alama nusu mtu anapata kwa baba, nusu kwa mama," akasema. "Huko ng'ambo kuna watu wengi wamejitolea, lakini wengi ni wazungu. Waafrika waliojitolea ni kidogo, na sisi alama zetu ni za aina nyingi ajabu. Ni kama umeokota kiatu kimoja kwenye soko la mitumba la Toi, sasa unatafuta mwenzake. Watu wa asili moja wana nafasi nzuri kidogo, lakini huyu ni nusu Makina, nusu Kawangware."

Kosa la huyo binti ni kutamka "asili moja" mbele ya wazee. Mengine yote wakayasahau palepale. Kufika jioni, Makina nzima ilikuwa inasema kinachotakiwa ni damu safi ya Kinubi, na vijana ambao kawaida hawanyanyui hata ndoo walikuwa wamekunja mikono ya shati wakionyeshana mishipa.

Kawangware

Mzee Karanja naye hakulala. Aliita mbari yake yote, yaani ukoo, wakutane kwenye ploti yake. Mimi na Abdalla tulienda na Daktari Anyango na wenzake wa kupima.

Nilishangaa kuona watu wamevaa suti. Wamama wamefunga vitambaa vya kanisani, na kuna mmoja, Kamau wa Riruta Satellite, alikuja na wakili. Kumbe mzee akiita mbari yote siku moja, watu wanajua anagawa ardhi. Wapangaji walichungulia kwenye milango, akawafukuza. "Nyinyi si wa hii mbari, rudini ndani!"

Karanja alisimama akasema mjukuu wake anahitaji uboho, na uboho wa Mkikuyu ndio wenye nguvu. Halafu Kamau akauliza, "Hiyo ya kutoa uboho, ni kabla ya kugawa ama baada?"

"Kugawa nini?"

Suti zikaanza kuondoka moja moja. Mwingine akakumbuka ameacha ng'ombe wake hajakamuliwa, na anakaa ghorofa ya nne. Waliobaki walipimwa, Mungu awabariki, na Wambui, dada yake Nyambura, alikuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti. Makina pia tulipimwa. Hakuna aliyelingana. Wazee wa kila upande walifurahi kidogo kusikia upande ule mwingine umeshindwa.

Swali la daktari

Sasa nifike mahali penyewe, msije mkanisoma mpaka Bombo mkiwa hamjui tunaenda kutafuta nini.

Daktari Anyango alisema mwenye nafasi kubwa kuliko wote ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Jamal alipimwa, hakulingana. Jamal akatoka nje akakaa kwenye ngazi, akaniambia, "Shosho, hata kwa hii nimefeli."

Daktari akauliza, "Kuna ndugu mwingine?"

Tulikuwa hapo wote: mimi, Abdalla, Nyambura, Karanja. Tukasema hakuna. Na hatukudanganya.

Nyinyi majirani mnajua. Mastura mdogo wa Bombo alizaliwa na Nyambura, hapahapa Makina, kwenye chumba changu. Wakati huo Hawa alikuwa amezika mimba baada ya mimba mpaka macho yake yakawa hayatazami mtu. Kwetu, kama wifi hana mtoto, anapewa. Mtoto akiacha kunyonya anabebwa, anafika kwa mama yake mpya, na kuanzia siku hiyo midomo inafungwa. Si siri, kwa sababu wote wanajua. Ni heshima. Atakayesema "si wako" amemnyang'anya. Anayeweza kufungua mdomo ni mmoja tu, yule aliyepewa. Kwa hivyo daktari akiuliza watoto wa Nyambura, jibu ni Jamal na Swabra. Ukiuliza tena, jibu ni hilohilo, hata kama wa pili anatoka damu puani.

Nyambura mwenyewe hangeweza kwenda. Aliyetoa akirudi, hata akinyoosha mkono kusalimia, mkono unaonekana unadai. Na neno kama hilo halisemwi kwa simu.

Siku ya pili yake Karanja akaja kwangu. Hakuwa amekanyaga Makina tangu harusi, ambayo alihudhuria akiwa amenuna. Alikataa chai, halafu akainywa.

"Mama Abdalla, nimefikiria kununua ng'ombe Uganda."

"Ng'ombe wa Uganda ni wazuri, Baba Nyambura."

"Nasikia huko karibu na Bombo."

"Bombo kuna ng'ombe."

Akaangalia kikombe. "Sijui njia."

"Mimi naijua," nikasema.

Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyofanya juu ya jambo hilo mpaka tulipofika. Khadija alikuwa dirishani, akasikia kila neno, na akaelewa vingine kabisa.

Naivasha na Nakuru

Karanja anaendesha gari kama anasindikiza jeneza. Malori ya mawe yalitupita. Punda mmoja, kabla ya Naivasha, tulienda naye sambamba muda mrefu mpaka Khadija akamzoea.

"Si ukanyage kidogo?" nikamwambia.

"Gari ni yangu."

"Mtoto ni wetu sote."

Akakanyaga kidogo. Tukampita punda.

Yeye hali chakula cha njiani. Alikuwa na githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi ya nyumba, na chupa kubwa ya chai. Khadija akasema hawezi kula kitu kilichotoka kwenye ndoo ya rangi, anataka nyama. Tukasimama Nakuru kwenye bucha lenye jiko la makaa. Khadija akamwita mwenye bucha.

"Nani alichinja huyu mbuzi?"

"Ni Hassan, mama."

"Hassan wa nani?"

"Hassan tu."

"Hakuna Hassan tu. Ana baba. Anaswali wapi?"

Mwenye bucha akamtafuta Hassan. Hassan alikuwa ameenda kuoga. Tulimngoja Hassan aoge, avae, aje, ataje baba yake, na baba yake akawa anajuana na shemeji wa Khadija wa Mombasa, basi salamu zikaanza upya. Nyama ikapoa. Karanja alikuwa amemaliza githeri yake zamani na anapanguza kijiko kwa leso.

Hapo ndipo Nyambura akanipigia. Joto la Swabra limepanda tena, wanamwongezea damu. Hakuuliza tumefika wapi. Alisema, "Mama, nyinyi nunueni hao ng'ombe pole pole." Sauti yake ilikuwa haina maji. Nikamwambia Karanja. Aliingia garini, na kuanzia hapo malori yalituona sisi tukiyapita.

Kibigori

Wanubi wako mahali pengi Kenya hii, kila Mwingereza alipowamwaga. Kibigori, huko kwenye miwa, yuko Ramadhani bin Farajala, binamu wa marehemu mume wangu. Tulikuwa tulale kwake tu. Nikaona uwanja umefagiliwa, mikeka imetandikwa, na wazee wamekaa wamevaa kanzu.

Sikujua kwamba Khadija alipiga simu kutoka Nakuru, Hassan alipokuwa anaoga. Aliwaambia Mastura anakuja na mgeni mwenye nia.

Ramadhani akamkalisha Karanja katikati.

"Mzee, karibu. Tumesikia umetoka mbali. Nia yako ni nini?"

Karanja ana uongo mmoja tu, na aliushikilia. "Nimekuja kwa mambo ya ng'ombe."

Wazee wakatazamana, wakapendezwa. "Vizuri. Mtu wa heshima anaanza na ng'ombe. Wangapi?"

"Nikipata mmoja mzuri, inatosha."

"Mmoja!" Ramadhani akanigeukia. "Mmoja, kwa Mastura?"

"Na akiwa amezeeka simtaki," Karanja akaendelea. "Naangalia meno kwanza."

Kuna mzee alisimama kutafuta viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshaelewa, na nilimtafuta Khadija kwa macho, akawa ameenda msalani, akakaa huko kama amejenga.

Sikuweza kusema tunaenda Bombo kufanya nini. Nikasema tu kwamba hakuna posa, kuna mtoto mgonjwa. Ramadhani, kwa sababu alikuwa na hasira ya ng'ombe mmoja, akasema maneno ambayo angebaki nayo tumboni.

"Ugonjwa huo ni wa kuchanganya. Damu yetu ilikuwa safi toka Sudan. Mkaenda Kawangware mkachanganya, sasa mwili haujijui."

Karanja alishusha kikombe.

Mnajua mimi sisahau jina. Darasa nililoketi ni dogo, lakini jina likiniingia halitoki. Nikamwambia, "Ramadhani, mama yako ni nani?"

"Mama yangu unamjua."

"Ni Akoth binti Ouko wa Ahero, Mungu amrehemu, alinifundisha kupika mbuta, samaki wa ziwani. Nyanya yako mzaa baba?"

Ramadhani akainamia mkeka, nikamjibia mwenyewe.

"Ni Tapsubei, Mnandi, alikuwa na pengo hapa mbele. Babu yako Farajala alikuwa askari, lakini kabla ya kuwa askari alikuwa Mdinka, na rafiki yake wa hema moja alikuwa Mlugbara, na yule mwingine mtoto wa kabila la Bari, na wote wakatoka huko wanaitwa Wanubi kwa sababu Mzungu hakuwa na nafasi ya kuandika zaidi. Sasa wewe nionyeshe pale palipo safi, nikudunge hapo."

Wazee walicheka mpaka yule wa viatu akarudi kukaa. Ramadhani pia akacheka, si mtu mbaya. "Mastura, wewe ni wa kuogopwa."

Karanja alikuwa anacheka kuliko wote. Nikamgeukia. "Na wewe Baba Nyambura, usionyeshe meno yote. Nyanya yako Nasieku alitoka wapi?"

Akafunga mdomo. Nasieku ni jina la Kimaasai, si la Kikuyu, hata mtoto anajua. "Hiyo ilikuwa wakati wa njaa," akasema.

"Basi njaa ilizaa watu wazuri. Kula samaki."

Akala samaki. Ni mara ya kwanza kumwona anakula chakula cha mtu.

Mpakani mpaka Jinja

Ya mpakani nayaruka, ila hili moja. Askari wa upande ule aliangalia gari, akamwangalia Karanja, akasema, "Bwana harusi, pita." Karanja akaendesha mpaka tumekwenda mbali. Halafu akauliza, "Mama Abdalla, huyu amenijuaje?"

"Amekujuaje nini?"

"Sisemi ni kweli. Nasema, amejuaje kitu ambacho hakipo?"

Sote wawili tukageuka nyuma. Khadija alikuwa amelala ghafla.

Tukamwamsha. Akakiri kwamba alipiga Kibigori, na alipiga Bombo pia, na Bombo wakapiga mpakani kwa mtoto wa dada yao anayebadilisha pesa hapo. "Lakini nani angejua? Mjane na mgane, wanakunywa chai, wanaongea ng'ombe kwa sauti ya chini!"

"Mimi ni mzee wa kanisa!" Karanja akasema.

"Hata Ramadhani aliuliza kama utasilimu," Khadija akasema kwa upole. "Nikamwambia unaonekana uko karibu."

Njia yote ya Jinja Karanja hakumwongelesha. Kabla ya Kampala kuna mahali wauzaji wanazingira gari na kuku kwenye vijiti na ndizi za kuchoma. Alinunua ndizi akanipa mimi, akanunua nyingine akaitupa nyuma kwa Khadija bila kugeuka. Hiyo ndiyo ilikuwa amani.

Mimi sikuwa na hamu ya kula. Nilikuwa nafikiria Hawa. Nilizaa watoto na sijawahi kuogopa mmoja wao, lakini huyu nilimwogopa njia nzima.

Bombo

Tulisikia doluka kabla ya kuona nyumba. Hiyo ni ngoma yetu ya harusi. Wanawake walikuwa nje wamejifunga gurbaba, nguo za rangi zote, wengine wakigeuza gurusa kwenye chuma, ile mikate myembamba. Mkwe wangu Swaleh alikuwa mlangoni amepaka manukato. Karanja alizima gari akabaki ameshika usukani.

"Mimi sishuki."

"Utashuka. Na utabasamu."

Hawa aliniingiza chumbani akafunga mlango. Alikuwa amekasirika vizuri sana.

"Mama, baba hajatimiza hata... kaburi lake halijakauka! Na ni baba yake Nyambura! Utakuwa mkwe wa nani sasa? Utakuwa mama mkwe na mama wa kambo wa mtu mmoja! Umezeeka vibaya, Mama."

Nikamwacha amalize. Mlango ukafunguliwa, Mastura mdogo akaingia na maji ya kunawa. Amerefuka. Ana ile pua ya Karanja, Mungu hana aibu. Alipiga goti, akanisalimia, akatoka. Hawa akaniona jinsi nilivyomtazama.

Hasira yote ikamtoka. Akakaa kitandani.

"Hakuna harusi," akasema.

"Hakuna."

"Swabra anaendeleaje?"

"Anakwisha, Hawa."

Nje walikuwa wanaimba. Nikamweleza yale ya askari na alama, nusu ya baba na nusu ya mama, na Jamal kwenye ngazi. Sikutaja jina la mtoto. Sikuhitaji.

"Mmekuja kumchukua," akasema.

"Tumekuja kukuomba."

"Mtoto haazimwi kama sufuria, Mama. Akienda huko, mtu atamwangalia yeye na Swabra, atasema. Daktari atasema. Na siku hiyo mimi ni nani? Ni mwanamke wa Bombo aliyewalelea mtoto."

Karanja akabisha hodi akaingia, kofia mkononi. Kwetu mgeni mwanamume haingii chumba cha mwanamke hivyo, na yeye hata hakujua. Hakukaa.

"Mama Mastura," akamwita Hawa. Hilo jina nadhani alikuwa amelifanyia mazoezi toka Kawangware. "Sisi kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake bwana. Wa pili hupewa jina la mama yake bibi. Huyu wa kwanza aliitwa Mastura, kwa hivyo toka siku ya jina alikuwa wa nyumba yenu. Sina neno. Yule wa pili ni Swabra Wangari. Wangari ni mke wangu aliyekufa. Huyo ndiye wangu, na ndiye nimekuja kumwombea. Huyu wako sidai hata unywele."

Hawa akamwuliza, "Na hao ng'ombe?"

"Sijui kitu juu ya ng'ombe wa Uganda," Karanja akasema.

Hawa akacheka huku analia, akatufukuza sote chumbani. Tukatoka kwenye sherehe. Swaleh akatangaza kwamba wazee bado wanazungumza, na kwa kuwa chakula kimeshapikwa, kiliwe. Kililiwa. Karanja alichezeshwa doluka na mwanamke mmoja aitwaye Zuhura binti Kachelo, na msiniulize alichezaje.

Asubuhi nilipotoka kuaga, Hawa alikuwa ndani ya pickup, begi mapajani, Mastura kando yake. Hakunitazama.

"Sasa mlidhani nani atamshika mkono akidungwa?" akasema.

Kurudi

Hawa alimwambia mtoto nini, sijui. Walizungumza wawili, na hilo ni lao. Njiani msichana alimwita Hawa "Mama" kwa kila kitu, hata pale ambapo hakukuwa na haja. "Mama, miwa ile. Mama, mvua inakuja." Khadija alitaka kumwuliza kitu karibu na Kericho, nikambana kidole.

Mara moja Mastura akamwinamia Karanja kutoka nyuma. "Mzee, wewe kwani ni nani wangu?"

Nilishika mlango. Karanja aliangalia barabara.

"Mimi ni dereva," akasema.

Hospitali

Mastura alilingana. Daktari Anyango alikuja na majibu anatembea haraka, halafu akapunguza mwendo alipotuona tumekaa wote kwenye benchi, Nyambura upande huu, Hawa upande ule, msichana katikati. Sisi tulikuwa tumemwambia huyu ni binti wa shangazi yake Swabra.

Alimtazama msichana, akatazama karatasi, akamtazama Nyambura. Ana akili, yule binti. Najua alijua.

"Analingana kabisa," akasema. "Kabisa. Binti wa shangazi kulingana namna hii..." Akaacha hapo.

"Ni ile damu safi ya Kinubi," nikasema.

"Na nguvu ya Mkikuyu," Karanja akasema.

Daktari hakucheka. Alisema taratibu, "Huyu bado ni mtoto. Lazima mama yake akubali. Mama yake ni nani?"

Nyambura alikuwa hajala siku nyingi, amebaki macho. Alisimama. Nikasema moyoni, ya Rabi. Akamzunguka msichana, akamshika Hawa bega, akamsukuma mbele.

"Ni huyu," akasema. "Mwulize huyu."

Hawa akasema ndiyo. Daktari akasema asante, mama, akamwambia Hawa peke yake.

Swabra yuko nyumbani sasa. Bado anaenda kliniki, anavaa kitambaa mdomoni, na chini ya hicho kitambaa maneno yamerudi yote, mnamsikia wenyewe. Hawa na Mastura walirudi Bombo, Mastura akiwa na maumivu kidogo ya nyonga, pale walipomtoa uboho, na zawadi nyingi. Makina wanasema ni uboho wa Kinubi uliomponya. Kawangware wanasema ni wa Kikuyu, na Kamau wa Satellite anasema yeye alijua toka mwanzo. Wengine bado mnaniuliza harusi ni lini. Mwulizeni Khadija.

Hawa amesomewa haya yote kwa simu kabla yenu, akaniambia, "Andika, Mama, ila umalize vizuri."

Basi namaliza. Nina miaka mingi na safari ilikuwa ndefu. Kama yule mchinja mbuzi wa Nakuru si Hassan bali Hussein, kama Tapsubei alikuwa na pengo la chini si la juu, kama Zuhura si binti Kachelo, mje mniambie, nitafuta na kuandika upya. Pale nilipoandika mama wa Mastura ni Hawa, hapo msiniguse. Hapo sijakosea.